Mwanachuo mpya na hofu ya wizi wa maandishi

Habari ya leo sikuitafuta, ilinikuta njiani. Juma lililopita nilipita Mtaa wa Congo, pale Kariakoo, kumjulia hali dada mmoja muuza vitenge ambaye tumefahamiana miaka mingi. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia kwa sauti ya mtu aliyeamka na msiba. Akanivuta nyuma ya meza yake, akaketi juu ya robota, akaniuliza: "Mdogo wangu, wewe ni mtu wa redio, unajua mambo. Hivi mtoto akinakili kazi ya chuo anafungwa?"

Kisa chenyewe ni hiki. Binti yake wa pili ameingia chuo kikuu mwaka huu, wa kwanza katika ukoo mzima kufika huko. Walipewa asaimenti ya kwanza, kurasa sita kuhusu ukuaji wa miji. Kurasa nne aliziandika kwa nguvu zake mwenyewe. Usiku wa mwisho maneno yakamwishia. Akachukua aya tatu kutoka katika madesa ya kijana wa mwaka wa pili, akazipachika, akawasilisha kazi. Siku ya pili yake mhadhiri akaingia darasani akatangaza kwamba kazi zote zinapitishwa katika programu ya kutambua wizi wa maandishi, na atakayenaswa ajiandae kurudi kwao. Tangu siku hiyo binti halali. Humpigia mama yake simu usiku wa manane na kusema, "Mama, nitadisko."

Kwa wasioijua lugha ya vyuoni, kudisko si kwenda kucheza muziki. Ni kuondolewa masomoni. Na neno hilo lina uzito wake katika familia kama hii. Binti anasoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na mkopo ni deni. Anayeondolewa chuoni njiani hasamehewi zile fedha alizokwisha kutumia. Juu ya hapo kuna vitenge vilivyouzwa kwa hasara mwezi wa Septemba ili apate godoro, ndoo na kompyuta ya mitumba.

Nilimwambia dada nisingemjibu papo hapo, maana katika jambo hili mtu akikurupuka anaweza ama kumtisha mtoto zaidi au kumpa moyo wa uongo. Nikaenda kusoma, nikawauliza wahadhiri wawili ninaowafahamu. Mazungumzo ya leo ni jibu langu kwake, na kwa wazazi wengine ambao simu zao zinalia usiku.

Nianze na lile la kufungwa. Dada alikuwa na sababu ya kuuliza. Anakumbuka, kama wengi wetu tunavyokumbuka, tarehe 28 Aprili 2017, Rais John Magufuli alipokabidhiwa mjini Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti, na tukasikia kwamba watumishi wa umma 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi. Watu walitoka ofisini bila kuaga. Tangu hapo, katika mawazo ya wananchi, neno "feki" likikaa karibu na neno "elimu" hutokea picha ya polisi mlangoni. Lakini hayo ni mambo mawili tofauti. Kughushi cheti ni kosa la jinai. Umetengeneza hati ya serikali au ya chuo ambayo hukupewa. Kunakili aya tatu katika asaimenti bila kumtaja mwenyewe ni kosa la nidhamu ya taaluma, na linashughulikiwa na chuo chenyewe kwa kanuni zake. Binti wa dada yangu hafungwi.

Hapa wengine huchanganya jambo la tatu, nalo ni hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, ile iliyoanzisha COSOTA, inalinda kazi ya mtunzi isichapishwe wala kuuzwa bila idhini yake, katika uhai wake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Wizi wa maandishi una mipaka mingine kabisa. Tuchukue mfano wa Shaaban Robert, ambaye mtaa wenye jina lake, hapa katikati ya jiji, ndio wenye Chuo cha Usimamizi wa Fedha. Mzee huyo alifariki mwaka 1962. Kwa vitabu alivyovitoa akiwa hai, ukihesabu miaka 50 unafika 2012. Mtu akichapa leo ukurasa wa kitabu cha namna hiyo, kesi ya hakimiliki huenda isisimame. Lakini mwanafunzi akiuchukua ukurasa huohuo na kuuwasilisha kwa mhadhiri kama wake, ni mwizi wa maandishi leo, kesho, na miaka 200 ijayo. Katika hakimiliki tunauliza nani ana haki ya kuuza. Katika wizi wa maandishi tunauliza nani alifikiri.

Nilipofika hapo katika maelezo yangu niliona uso wa dada umeanza kukunjana, kwa hiyo nikageukia biashara yake. Nikamwuliza, "Vitenge hivi umevifuma wewe?" Akacheka. Nikamwuliza tena, "Watu wa mapato wakija, wanakulaumu kwa kuuza vitenge usivyovifuma?" Akasema hapana, wanataka risiti ya mzigo. Basi, nikamwambia, na chuo kikuu ndivyo kilivyo. Hakuna anayemtegemea msichana wa miaka 20 abuni elimu ya miji kutoka kichwani mwake. Anatakiwa achukue mali ya watu, nyingi iwezekanavyo, ila kila robota liwe na risiti: nani kasema, katika kitabu gani, mwaka gani, ukurasa wa ngapi. Hayo ndiyo yanayoitwa marejeo.

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaelewa habari ya risiti kuliko profesa yeyote. Tangu mashine za kielektroniki zilipoanza kutumika mwaka 2010 wamebishana nazo, wamezichukia, wamezizoea. Katikati ya Mei 2023 walifunga maduka siku kadhaa kwa kero za kodi hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kuwasikiliza pale Mnazi Mmoja. Kwa hiyo dada alinielewa mara moja, na akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Sasa kama mtoto ana risiti za mzigo wote, lakini hana hata kitenge kimoja alichoshona mwenyewe?"

Ni swali zuri. Kazi iliyojaa maneno ya watu, yote yakiwa na marejeo yake, haina wizi ndani yake, lakini haina mwanafunzi pia. Mhadhiri ataipa alama ndogo na hatakuwa amekosea. Alama zinatolewa kwa ushonaji: umechukua kitambaa cha huyu na cha yule, ukakata, ukaunganisha, ukaonyesha kwamba huyu na yule hawakubaliani, ukasema wewe unaelemea wapi.

Kuna ujanja mmoja ambao vijana wengi hudhani unawaokoa, nao ni kubandika lebo mpya juu ya bidhaa ileile. Nitatoa mfano wa hapahapa. Tuseme mwandishi fulani ameandika hivi: "Jina la Kariakoo ni kumbukumbu ya wapagazi waliokusanywa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza, ambao wengi wao hawakurudi makwao." Mwanafunzi anaandika: "Jina Kariakoo ni ukumbusho wa wachukuzi waliokusanywa kubeba shehena za jeshi la Uingereza, ambao wengi hawakurejea kwao." Amebadili kumbukumbu kuwa ukumbusho, wapagazi kuwa wachukuzi, mizigo kuwa shehena. Sentensi imebaki na mifupa yake yote. Huo ni wizi, na kwa bahati mbaya ni wizi uliomchosha mwizi. Mwenzake anaandika: "Fulani anatukumbusha kwamba jina la Kariakoo limetokana na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambao wengi wao walikufa. Nashangaa kwamba wakazi wa leo wanalijua jina kama la biashara tu, wala hakuna anayefikiria vita." Huyo amechukua na ametaja, kisha ameongeza la kwake.

Je, kila kitu lazima kitajwe kilikotoka? Hapana, na hapa ndipo wanafunzi wapya wanapojitesa bure. Kwamba Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ni habari ya kila mtu. Huhitaji risiti, kama usivyodaiwa risiti ya maji ya mvua. Kwamba jina la Kariakoo limetokana na wale wapagazi, ambao Waingereza waliwaita kwa jina lao na sisi tukalitamka kwa ulimi wetu, nalo linafahamika mno. Lakini ukitaka kusema ni wapagazi wangapi walikufa, hapo simama. Idadi hiyo inabishaniwa. Yuko Geoffrey Hodges, aliyetoa kitabu kizima kuhusu wapagazi hao mwaka 1986, na wako wengine wenye hesabu zao. Ukitaja idadi, taja na aliyeihesabu, maana ikionekana kuwa na kasoro msomaji ajue pa kwenda kuuliza.

Nataka niseme jambo kuhusu mahali tabia hii inakotoka, kwa sababu nadhani tunawaonea watoto. Mtoto wa Kitanzania aliyepitia shule za kawaida amefundishwa kunakili kwa miaka mingi, tena amesifiwa kwa hilo. Mwalimu anaandika nukuu ubaoni, mtoto ananakili neno kwa neno, na akikosa nukta anachapwa. Mtihani ukija anatakiwa ayarudishe yaleyale. Jioni anakwenda tuisheni, anapewa maswali ya mitihani iliyopita ya Baraza la Mitihani yakiwa na majibu yake, ayakariri. Vijitabu hivyo vinauzwa mpaka chini ya miguu yetu katika njia za watembea kwa miguu, na mzazi anayenunua anajiona amefanya jambo la maana. Halafu mwezi wa Novemba mtoto huyohuyo anafika chuoni na kuambiwa kwamba kile kilichomfikisha hapo sasa kinaitwa wizi. Mpaka umehamishwa usiku na hakuna aliyepiga mbiu.

Na liko la lugha, ambalo kwangu mimi ndilo zito zaidi. Aliyesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba anageuziwa kila kitu kuwa Kiingereza kidato cha kwanza. Anafika chuo kikuu akiwa na mawazo yake mazuri, lakini hana imani na Kiingereza chake. Akisoma kitabu anakuta sentensi imenyooka, akilinganisha na yake anaona aibu. Kwa hiyo anaishika ile ya kitabu kama mtu asiyejua kuogelea anavyoshika ngalawa. Binti wa dada alimwambia mama yake maneno haya, nami nayarudia kwa idhini yao: "Mama, sikukosa la kusema, nilikosa Kiingereza cha kulisemea." Wahadhiri wote wawili niliowauliza walisema wanaiona hali hiyo kila mwaka, katikati ya ukurasa wenye sarufi iliyovunjika huibuka ghafla aya iliyong'aa, na hapo huhitaji mashine yoyote kukwambia kilichotokea. Mmoja wao aliniambia afadhali asome Kiingereza kibovu cha mwanafunzi, kwa sababu kinamwonyesha mwanafunzi amefikia wapi. Nikamwuliza kama huwaambia wanafunzi hivyo siku ya kwanza. Akanyamaza kidogo, akasema, hapana.

Nami si mtakatifu katika habari hii. Mwaka wangu wa kwanza kazini, nikiwa nimetoka tu kuchukua stashahada ya uandishi wa habari, nilipewa dakika tano hewani kuzungumzia bei ya nafaka. Nilikuwa na siku moja. Nikachukua makala ya gazeti moja la Kiingereza, nikaitafsiri kutoka mwanzo hadi mwisho, nikaisoma kwa sauti yangu nzuri. Nilidhani kutafsiri ni kuandika. Baada ya siku mbili mzee aliyeiandika akapiga simu, akaomba kuzungumza nami. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Kijana, ule mfano wa gunia la mahindi na mama wa Manzese uliutoa kwa nani?" Manzese alikwenda yeye. Mimi sikwenda. Sikupewa adhabu yoyote, lakini mpaka leo nikipita Manzese nasikia ile sauti.

Wapo watakaosema habari hii ya kutaja vyanzo ni ya Wazungu, imekuja na vyuo vyao. Ni kweli kwamba chuo kikuu chetu kilipoanza, Oktoba 1961, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, hatua chache kutoka anapouzia vitenge huyu dada, kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake wa sheria hawakufika hata 20. Lakini watu wa pwani hii walikuwa wanataja vyanzo kabla ya London kutujua. Mwanazuoni anayesomesha hadithi huanza na wapokezi: nimeipokea kwa fulani, aliyeipokea kwa fulani. Mnyororo ukikatika, hadithi inadhoofika. Washairi wetu nao, wakifika beti za mwisho, hutaja jina lao na pengine mji wao, ili asitokee mwingine akajivika. Hata mtu asiyejua kusoma, akitumia methali, husema "wahenga walisema". Hajui ni mhenga gani, wala aliishi wapi, lakini anakataa kujisifia kwa neno ambalo si lake.

Sasa turudi kwenye ile programu, kwa sababu ndiyo inayowanyima vijana usingizi. Inayojulikana zaidi inaitwa Turnitin, ilianzia Marekani miaka ya mwisho ya 1990. Kazi yake ni kulinganisha. Inachukua maandishi ya mwanafunzi, inayaweka kando ya maandishi mengi iliyokwisha kuyahifadhi, inapaka rangi panapofanana, kisha inatoa asilimia. Haijui kama umetaja au hukutaja kwa haki. Nukuu halali uliyoifungia alama zake inaweza kuhesabiwa. Orodha ya marejeo inaweza kuhesabiwa. Jina la wizara linaloandikwa namna moja kila mahali linaweza kuhesabiwa. Kwa hiyo mwenye asilimia 20 anaweza kuwa safi, na mwenye asilimia 5 akawa mwizi wa aya nzima aliyoitafsiri kutoka lugha nyingine, ambayo mashine imepita juu yake bila kuiona. Anayehukumu ni mtu aliyeketi akasoma. Chuo kinachomhukumu mwanafunzi kwa asilimia peke yake kimeacha kazi yake.

Katika hilo kuna mtego ambao sikuujua, nami nauleta kwenu kama nilivyoelezwa. Mjini hapa baadhi ya maduka ya stesheneri, yale yanayochapa, kutoa kopi na kubana spairo, hujitolea kukupimia kazi yako katika programu hiyo kwa malipo kabla hujaipeleka chuoni. Mwanafunzi mwoga hukimbilia huko. Lakini kazi iliyopitishwa inaweza kubaki imehifadhiwa ndani ya mashine. Siku mhadhiri anapoipitisha tena, inaonekana yote imefanana na kazi iliyokwisha kuwemo, yaani yake yeye mwenyewe! Mwanafunzi aliyeandika kila neno kwa mkono wake anajikuta anaeleza asiyoweza kuyaeleza. Kama chuo kinaruhusu wanafunzi wajipime, kapimie chuoni.

Kuna maduka yanayokwenda mbali zaidi na kuuza risechi nzima iliyokwisha andikwa. Sitayataja, ila sitajifanya siyajui. Jirani zetu wa Kenya wana vijana wengi wenye akili ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiandika kazi za wanafunzi wa Marekani na Uingereza kwa malipo, na mwaka 2022 Uingereza ilipitisha sheria inayofanya kuwa kosa, kwa upande wa England, kuuza huduma hiyo. Anayenunua risechi hana hata ile hoja ya binti yetu ya kukosa Kiingereza. Huyo hakuandika hata kurasa nne.

Na tangu Novemba 2022, ilipotolewa ile programu ya ChatGPT, pamekuja mwandishi wa kukodi asiyelala na asiyedai nauli. Vyuo bado vinahangaika namna ya kumshughulikia, na mashine zinazodai kumtambua hukosea. Zinaweza kumtia hatiani asiye na kosa. La kuogopesha zaidi ni kwamba hutunga marejeo. Hukupa kitabu, mwandishi na ukurasa, navyo havipo duniani. Juni 2023, mjini New York, mawakili wawili walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kupeleka mahakamani kesi za kubuni walizopewa na programu hiyo. Dada yangu alipolisikia hilo alisema, "Kumbe na huko kuna risiti za kughushi."

Adhabu je? Zinatofautiana chuo na chuo, na kila mwanafunzi anapaswa kuzisoma katika kitabu cha kanuni alichopewa siku ya usajili, kile ambacho wengi hukifanya cha kuwekea chungu cha moto. Kwa jumla ni ngazi. Chini kabisa ni kuonywa na kurudia kazi. Kisha kupunguziwa alama, kupewa sifuri katika kazi ile au somo zima, kusimamishwa kwa muda, na juu kabisa kufukuzwa. Aliyekwisha hitimu anaweza kunyang'anywa shahada. Hiyo ya mwisho si hadithi ya vitabuni. Karl-Theodor zu Guttenberg alikuwa Waziri wa Ulinzi wa Ujerumani, kijana anayependwa. Februari 2011 ikaonekana kwamba tasnifu yake ya udaktari ilikuwa na kurasa nyingi za watu wengine. Wananchi wa kawaida waligawana kurasa hizo wakazichambua moja moja. Chuo Kikuu cha Bayreuth kikamvua udaktari, na tarehe 1 Machi akajiuzulu. Miaka miwili baadaye Annette Schavan, Waziri wa Elimu wa nchi hiyohiyo, naye akang'oka kwa sababu ya tasnifu aliyoiandika zaidi ya miaka 30 nyuma.

Nimewataja wakubwa hao ili tuone umbali uliopo. Tasnifu ya udaktari na aya tatu za asaimenti ya kwanza ya mwaka wa kwanza havipimwi kwa mizani moja. Wanaoamua huangalia ukubwa wa kilichochukuliwa, kama ni mara ya kwanza, kama mtu alikusudia kudanganya au hakufundishwa, na kama alisema kweli alipoulizwa. Na lipo jambo ambalo mhadhiri aliyetisha darasa alilisahau. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(a), inasema haki ya mtu inapohitaji kuamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote kinachohusika, mtu huyo apewe nafasi ya kusikilizwa kikamilifu, na awe na haki ya kukata rufaa. Kamati ya nidhamu ya chuo nayo ni chombo. Hakuna mwanafunzi anayepaswa kurudishwa kwao kwa neno la mtu mmoja mlangoni mwa darasa.

Hao wanaotisha kabla ya kufundisha nina ugomvi nao. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kusikia onyo la kufukuzwa katika juma la tano, halafu akafundishwa namna ya kuweka marejeo katika juma la kumi. Wapo pia wahadhiri wanaouza vitini visivyo na chanzo hata kimoja, kisha wanadai vyanzo kwa wanafunzi. Mtoto anajifunza kwa anachokiona.

Ushauri wangu kwa binti ulikuwa mfupi. Niliwauliza wale wahadhiri wawili kila mmoja kwa wakati wake, na wote walisema neno moja: aende mwenyewe, kabla alama hazijatoka. Asiende na barua ndefu ya kuomba huruma. Aende na kazi yake mkononi, zile aya tatu amezipigia mstari, aseme hizi si zangu, nilizitoa mahali fulani, naomba niziandike upya. Anayekwenda kabla ya kuitwa husikilizwa kwa sikio jingine. Nikamtahadharisha kwamba yale madesa ya kaka wa mwaka wa pili nayo huenda yametolewa kwa mtu mwingine. Na kama kijana huyo aliyawahi kuyawasilisha kama kazi yake, jina lake litaibuka. Kwa hiyo amwambie mapema, asimgeuke kimyakimya. Hilo lilimuumiza binti kuliko mengine yote, maana kijana yule alimsaidia kwa wema.

Nikamwambia pia kwamba siku za Jumamosi anapokuja Kariakoo kumsaidia mama, avuke aende Maktaba Kuu ya Taifa, pale Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, ambayo Mwalimu Nyerere aliifungua mwaka 1967. Achukue daftari. Kila anachokiandika kutoka kitabuni akitie ndani ya alama za kunukuu papo hapo, na jina na ukurasa pembeni, kwa sababu wizi mwingi wa bahati mbaya huanzia katika daftari: baada ya majuma matatu mtu hakumbuki tena sentensi ipi ni yake na ipi aliinakili. Kisha afunge kitabu ndipo aandike. Hilo la kufunga kitabu nilifundishwa na yule mzee wa gunia la mahindi, aliponialika kwake kunywa chai baada ya ile simu.

Jana jioni dada alinipigia. Binti amekwenda. Alisimama mlangoni mwa ofisi ya mhadhiri nusu saa nzima kabla ya kubisha hodi. Mhadhiri alizisoma zile aya zilizopigiwa mstari, akamwuliza kwa nini hakuandika kwa maneno yake, naye akamjibu lile la Kiingereza. Amepewa siku saba aandike upya aya hizo, na ameambiwa alama zitapunguzwa, ila hakuambiwa ni ngapi. Kuhusu kijana wa mwaka wa pili, mhadhiri alisema atamwita. Kijana hajaitwa bado, na tangu juzi hapokei simu za binti.